Kununua Nyumba au Kiwanja: Maswali ya Watu juu ya Kazi ya Wakili

Maneno ya mazungumzo kwa wakaaji wa Adams Arcade, Woodley, Jamhuri na Kilimani, Nairobi



Mtu ashukaye katika basi hapo Adams Arcade, katika barabara ya Ngong, hana haja ya kwenda mbali ili aone jinsi mji wa Nairobi unavyouzwa na kununuliwa kila siku. Maduka yale yalijengwa na Bwana Abdul Habib Adam katika miaka ya 1950. Leo, upande wa Kilimani, nyumba za zamani zenye bustani zinaondoka moja moja, na mahali pake huinuka majumba ya ghorofa nyingi yenye mabango ya kuwaita wanunuzi. Wako wasiotaka fleti. Hao hutazama upande wa pili, kuelekea Ngong na Kiserian, wakitafuta kiwanja kidogo cha kujenga nyumba yao wenyewe. Lakini wa fleti na wa kiwanja, wote hufika siku moja mahali pamoja: wamewekewa karatasi mbele yao wasiyoielewa vema, na mkononi wana fedha walizozikusanya kwa miaka mingi.

Juu ya siku hiyo watu wana maswali, nayo yanafanana sana. Karani huuliza lile lile aulizalo fundi wa gereji, na mwalimu huuliza lile aulizalo mwenye duka.

Swali la kwanza aghalabu ni hili: "Je, wakili ni wa lazima? Wazee waliuziana mashamba mbele ya mashahidi, na mambo yakatengenea."

Ni kweli wazee walifanya hivyo, lakini wazee waliuziana na jirani. Kila mmoja alijua shamba lilitoka kwa nani, na mpaka ulikuwa mti au kijito ambacho hata watoto walikijua. Anayenunua fleti Kilimani leo hamjui amwuziaye, wala hamjui aliyemwuzia huyo. Tena sheria imebadili mambo. Sheria ya Mikataba ya Kenya inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi iwe na shahidi wake; pasipo hayo, mtu hawezi kwenda mahakamani kudai kwamba aliuziwa. Sheria haimkatazi mtu kusimamia ununuzi wake mwenyewe akipenda. Lakini Sheria ya Mawakili imemkataza mtu yeyote asiye wakili kutunga hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Basi yule dalali asemaye, "Lete elfu kumi, nitakuandikia mapatano mimi mwenyewe," anavunja sheria, na likitokea neno hakuna chama cha kazi yake kitakachomwita ajieleze.

Swali la pili ndilo zito kuliko yote, na ndilo lililowapoteza watu wengi. Mtu husema: "Hati ya muuzaji nimeiona kwa macho yangu. Ina namba, ina muhuri wa Serikali, ina jina lake. Wakili ataongeza nini?"

Kwanza yafaa ifahamike kwamba hati ni karatasi tu, na karatasi huweza kughushiwa. Umiliki huandikwa katika daftari la msajili wa ardhi. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya wakili ni kufanya upekuzi katika daftari hilo. Zamani kazi hiyo ilimaanisha kwenda Ardhi House na kupanga foleni, nayo si mbali na Adams Arcade kwa mtu ashukaye barabara ya Ngong kuelekea mjini. Tangu tarehe 27 Aprili 2021 Serikali ilipoanzisha mtambo uitwao Ardhisasa, ambao ulianzia Nairobi, upekuzi wa viwanja vya mji huu umekuwa ukihamia huko. Upekuzi huonyesha jina la mwenye ardhi, kama ameiweka rehani kwa benki, kama kuna zuio la mtu mwingine au amri ya mahakama, na kama ni ardhi ya ukodisho, ni miaka mingapi iliyobaki. Jambo hili la miaka wengi hulipuuza. Viwanja vingi vya Nairobi si vya milele. Ni vya kukodi kwa muda, na mtu aweza kununua nyumba nzuri iliyobakiwa na miaka michache, kisha akienda benki kuomba mkopo akataliwe. Zaidi ya hayo, namba za zamani za viwanja vya Nairobi zimekuwa zikibadilishwa ziwe namba mpya za mtaa na kiwanja, na mnunuzi asiye na mtu wa kumwongoza huenda akapekua namba ambayo si ya ardhi aliyoonyeshwa.

Lakini upekuzi nao ni mwanzo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 26, yasema kwamba hati ni ushahidi wa umiliki, kisha ikaongeza kwamba hati hiyo yaweza kupingwa: ama kwa sababu mwenye hati alishiriki udanganyifu, ama kwa sababu hati ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya rushwa. Katika sababu hii ya mwisho si lazima mnunuzi mwenyewe awe mkosaji. Kosa laweza kuwa lilifanywa na mtu wa zamani ambaye hata hakukutana naye.

Jambo hili lilionekana wazi tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa hukumu katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua kiwanja kando ya bahari kutoka kwa mwenye hati, naye alikuwa amekinunua kutoka kwa mtu aliyegawiwa mwaka 1989. Katika daftari kila kitu kilionekana sawa. Lakini Mahakama iliona kwamba mahali pale palikuwa pa umma, na kwamba ugawaji ule wa kwanza haukufuata sheria. Kwa hiyo mnunuzi wa mwisho hakuweza kujikinga kwa kusema kwamba alinunua kwa nia njema na kwa fedha zake. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, katika kesi nyingine, Mahakama hiyo ikaamua kwamba barua ya kugawiwa kiwanja haimfanyi mtu kuwa mwenye ardhi. Wapo watu hapa Nairobi ambao hadi leo huuziana barua za namna hiyo kana kwamba ni hati.

Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya Mombasa peke yake. Tume iliyoongozwa na Bwana Paul Ndung'u, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria: misitu, viwanja vya shule, akiba ya barabara. Msitu wa Ngong Road, ulio karibu na Adams Arcade, ulikuwa miongoni mwa misitu iliyomegwa. Ardhi iliyopatikana hivyo haikukaa mikononi mwa mtu mmoja. Iliuzwa, ikauzwa tena, na kila mara ilipata karatasi mpya zilizo safi kwa macho. Na katika Oktoba 2023 nyumba nyingi zilibomolewa Mavoko, upande wa Athi River, katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua kwamba ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wenye nyumba hizo walikuwa wamenunua viwanja kwa fedha zao, na karatasi walikuwa nazo. Walisimama kando ya njia na magodoro na sufuria zao, wakitazama tingatinga likisukuma kuta walizozijenga.

Hivyo wakili afaaye haulizi tu, "Ni ya nani leo?" Huuliza pia, "Ilitoka wapi?" Hudai nakala ya hati ya kwanza, na kama palikuwa na ugawaji huuliza barua yake, ramani yake na stakabadhi za malipo yake. Hufuata kila uuzaji hadi kumfikia muuzaji wa leo. Wakili asemaye baada ya dakika kumi kwamba kila kitu ni sawa hajafanya kazi hiyo, na mteja ana haki ya kumwuliza ameona nini na kuonyeshwa.

Swali la tatu huulizwa na wale wapendao kupunguza gharama: "Muuzaji ana wakili wake, mtu mstaarabu sana. Kwa nini asitushughulikie sote wawili?"

Ustaarabu wake haukataliwi. Lakini wakili huyo ameajiriwa na muuzaji, na wajibu wake ni kumtetea muuzaji. Ikiwa katika mapatano kuna neno lisemalo kwamba mnunuzi akichelewa hupoteza arbuni yake yote, wakili wa muuzaji ndiye aliyeliandika, na si kazi yake kumwonya mnunuzi. Tena katika nyumba mpya za Kilimani wanunuzi huletewa mapatano yaliyokwisha kupigwa chapa, huambiwa kwamba kila mtu ametia sahihi yale yale, kisha huonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Hapo hasa ndipo mtu anapohitaji wakili wake mwenyewe, ayasome maneno yote, hata yale madogo ya nyuma.

Hili laingia katika habari ya arbuni. Kwa desturi arbuni ni asilimia 10 ya bei, na muda wa kumaliza mambo yote ni kama siku 90. Nyumba ikiwa ya shilingi 8,000,000, arbuni ni 800,000. Fedha hizo hazifai kutiwa mkononi mwa muuzaji, wala mwa dalali. Kwa kawaida huwekwa kwa wakili wa muuzaji, naye huzishika kama amana ya pande zote mbili mpaka uuzaji utimie. Na fedha zilizobaki? Hapo ndipo watu huogopa: mnunuzi hataki kulipa kabla hajapata hati, na muuzaji hataki kutoa hati kabla hajalipwa. Mawakili hulifungua fundo hilo kwa ahadi ya maandishi. Wakili wa mnunuzi, au wa benki yake, huahidi kwa sahihi yake kwamba hati zikisajiliwa fedha zitalipwa kwa siku kadha. Ahadi hiyo humfunga wakili yeye mwenyewe, na asipoitimiza mahakama huweza kumwamuru alipe bila kungoja kesi ndefu. Mtu mwingine yeyote hawezi kutoa ahadi yenye nguvu kama hiyo, hata akiwa tajiri.

Juu ya gharama, watu hulalamika kwamba mawakili ni ghali. Malipo yao kwa kazi ya ardhi hayatungwi ovyo. Yamewekewa kiwango cha chini kwa Amri ya Malipo ya Mawakili, iliyorekebishwa mwaka 2014, nacho hufuata bei ya mali. Wakili atozaye chini ya hapo anavunja sheria, na juu ya malipo yake huongezwa kodi ya asilimia 16. Lakini fedha kubwa kuliko zote haziendi kwa wakili. Ni ushuru wa stempu, ulipwao Serikalini na mnunuzi: asilimia 4 ya thamani mijini, asilimia 2 mashambani. Kwa nyumba ile ya milioni nane ushuru huo ni shilingi 320,000, na mthamini wa Serikali akiona kwamba thamani yake ni kubwa kuliko bei iliyoandikwa, ushuru huhesabiwa kwa thamani yake. Wako waandikao bei ndogo ili wakwepe ushuru. Mbali na kwamba ni kosa, uuzaji ukivunjika mahakamani, mtu kama huyo atadai arudishiwe fedha ambazo karatasi yake mwenyewe yasema hakuzilipa. Muuzaji naye ana kodi yake juu ya faida aliyoipata, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Mnunuzi asikubali kubebeshwa hiyo. Kadhalika muuzaji ndiye aletaye vyeti vya kuonyesha kwamba hakuna deni la kodi ya ardhi kwa Serikali wala la kodi ya kiwanja kwa Kaunti ya Jiji.

Wanunuzi wa fleti wana swali lao: "Nitapewa hati gani, na ardhi chini ya jumba ni ya nani?" Zamani fleti ziliuzwa kwa mikataba mirefu ya kukodi, na hati mama ya kiwanja ikabaki kwa mwenye kujenga au kwa kampuni ya wakaaji. Sheria ya Mali ya Sehemu, Namba 21 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, imetaka kila fleti iwe na hati yake, na wenye fleti washirikiane katika ngazi, lifti, uwanja na mambo mengine ya wote. Mnunuzi wa fleti ya zamani yampasa aulize kama jumba lile limekwisha kuingizwa katika utaratibu huo mpya. Na mnunuzi wa fleti ambayo bado inajengwa aulize kama hati mama iko benki. Mwenye kujenga huenda amekopa fedha kwa hati hiyo hiyo, na asipolipa, benki haitajali kwamba wako watu arobaini waliokwisha kulipa arbuni. Wakili hupaswa kudai barua ya benki isemayo kwamba fleti ya mteja wake itaachiliwa atakapomaliza kulipa.

Kwa wanunuao kiwanja nje ya mji yako mambo mawili zaidi. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, iliyo chini ya Sheria ya Kusimamia Ardhi ya mwaka 1967, hapana budi kupata kibali cha bodi ya ardhi ya mahali pale, na ombi lipelekwe katika miezi sita tangu mapatano. Pasipo kibali sheria huyahesabu mapatano kuwa batili. Pili, ikiwa ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka mume na mke wakubali wote wawili. Mwanamume aweza kuuza kwa siri, na mkewe akatokea mahakamani na watoto wake, na mnunuzi akajikuta kati ya watu wasiosemezana.

Je, mtu atajuaje kwamba huyo aliye mbele yake ni wakili wa kweli? Bango mlangoni halitoshi. Mwaka 2023 nchi nzima ilisikia habari ya kijana ambaye Chama cha Mawakili wa Kenya kilisema anatumia jina la wakili mwingine. Kila wakili hupewa cheti cha kufanya kazi mwaka kwa mwaka, na jina lake hutafutwa katika orodha ya Chama hicho kwenye intaneti. Asiyetumia intaneti na aende ofisini kwao, barabara ya Gitanga, mkabala wa Valley Arcade, safari fupi kutoka Adams Arcade. Wapo waulizao pia kama hati iliyotungwa na wakili aliyesahau kulipia cheti cha mwaka ule ni bure. Mahakama ya Juu ilijibu mwaka 2015 katika kesi ya National Bank na Anaj Warehousing: hati haiwi batili kwa sababu hiyo peke yake, adhabu ni ya wakili. Na wakili wa kweli akikosa uaminifu, mteja apeleke malalamiko yake kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Yafaa pia kujua asilolifanya wakili. Hapimi ardhi. Daftari laweza kuwa safi na kiwanja kikawa katikati ya akiba ya barabara, au mawe ya mpaka yakawa yamehamishwa usiku. Kazi hiyo ni ya mpima mwenye leseni, aende na ramani, ayatafute mawe yenyewe, na mnunuzi afuatane naye. Awasemeze na jirani. Mara nyingi mama auzaye mboga njiani hujua ugomvi wa kiwanja ambao haujaandikwa katika daftari lolote.

Liko swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ndogo, mwisho, watu wengine wakiisha kuondoka: "Nimekwisha kulipa arbuni, na wakili sikumwona. Je, nimechelewa?"

Hajachelewa, ila asilale. Akusanye stakabadhi zote, ujumbe wa simu wa kutuma fedha, na karatasi yoyote aliyotia sahihi, aende kwa wakili siku ile ile, na upekuzi ufanywe kabla hajalipa senti nyingine. Ikiwa ardhi imeonekana kuwa ya muuzaji, na mapatano yako katika maandishi, sheria humruhusu mnunuzi aandikishe zuio katika daftari la msajili. Zuio halimpi umiliki. Lakini likiisha kuandikwa, muuzaji hawezi kumwandikisha mnunuzi mwingine kimya kimya, mpaka aliyeliweka aliondoe, au mahakama iamuru liondolewe, au msajili ampe taarifa kwanza aje aseme lake.